Dawa ya Mkono wa Binti

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeitwa shule. Nimeacha zege halijaiva, msimamizi kanuna. Mwalimu kafungua daftari la binti. Balaa! Herufi moja imepanda mlima, nyingine imetumbukia mtaroni. Kasema binti akiulizwa kwa mdomo anajibu yote. Akishika penseli, basi tena. Ijumaa mtihani. Akifeli anarudia darasa la tatu, mara ya pili.

Njiani binti kaniambia akirudishwa tena, shule haendi.

Mwalimu kasema si uvivu. Wapo watoto kichwa kimejaa, ila kichwa na mkono havielewani. Nikaitikia ndiyo mwalimu. Moyoni nikasema mkono dhaifu tu huo. Mikono naijua. Miaka ishirini nabeba zege.

Jumanne, 4 Novemba

Dawa imeanza. Alfajiri, ndoo ya mchanga, kunyanyua mara kumi, mkono wa kulia. Binti kauliza kama wenzake nao wananyanyua mchanga. Nikamwambia wenzake hawana baba fundi. Mimi si fundi, ni kibarua. Kanyanyua.

Jioni kaandika. Penseli ya kwanza imekatika. Ya pili imetoboa daftari mpaka mezani. Nguvu ipo! Herufi bado zimelewa.

Jirani mshonaji kachungulia dirishani. Kasema binti yake anaandika kama kadi ya harusi. Nani kamuuliza?

Jumatano, 5 Novemba

Nimerudi na uzi na pima maji ya saiti. Misumari mezani, nyuzi nane juu ya daftari, zimenyooka kama ukuta wa benki. Nikaweka pima maji. Kumbe meza ndiyo imepinda! Saa mbili nzima nanyoosha meza. Sasa haina doa. Binti kalala juu yake, hajaandika neno.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi msimamizi anatafuta pima maji. Nikamsaidia kutafuta.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimepiga bao. Kazi ya nyumbani ya binti nimeiandika mwenyewe! Yeye katamka majibu, chap chap, hakukwama hata mara moja. Mimi nikaandika. Nilifika darasa la nne, yatosha. Jasho lilinitoka kuliko siku ya kumwaga slabu.

Mchana nikaitwa tena. Mwalimu kasema mwandiko wa binti umezidi kuharibika. Binti, bila huruma, kasema huo ni wa baba.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu hakucheka. Kanipa karatasi niandike jina langu. Kaiweka kando ya daftari la binti. Mlima uleule, mtaro uleule. Kauliza shule niliacha kwa nini. Nikasema fimbo za vidole, kila siku, eti mvivu. Nami sikuwa mvivu. Nilikuwa najitahidi mpaka naumwa kichwa. Hilo hata marehemu mke wangu sikumwambia.

Binti kanishika kidole.

Mwalimu kasema kesho atamuuliza binti kwa mdomo, majibu atayaandika mwalimu mwenyewe. Mkuu wa shule kakubali, inatakiwa sahihi ya mzazi tu. Nikatia sahihi. Walinisubiri kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejibanza chini ya dirisha la darasa. Binti anajibu. Sauti ya mama yake ileile, haina breki. Swali la saba kanyamaza. Halafu kajibu! Nikapiga makofi. Mlinzi kanitoa nje ya geti.

Jumatatu, 10 Novemba

Kafaulu! Wa tatu darasani. Anaenda la nne. Mwalimu kauliza kama sasa nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa. Mtoto akishindwa jambo, usikimbilie kumwita mvivu. Kafurahi, kanipa mkono.

Nyumbani nimemkuta mshonaji mnyonge. Binti yake, yule wa kadi ya harusi, mwandiko safi, lakini akisimamishwa mbele ya darasa anatetemeka, sauti haitoki. Roho yangu ilicheka, uso nikaukunja. Nikamwambia jirani, usihangaike, huo ni uvivu wa koo, naujua. Kesho alfajiri anikabidhi mtoto nimpeleke saiti, ashindane kwa kelele na mashine ya zege. Mpaka Ijumaa koo litakuwa limezibuka.