Kichwa Changu Si Kikombe

Svilen Karadzhov,
Mwalimu wa Udereva,
Kijiji cha Dolni Brestak,
Bulgaria.

Kwa Mbunifu Mkuu,
Mchezo wa Sloti "Kikombe cha Khan",
Huko kisiwani kwenu.

Mheshimiwa,

YAH: KUKATWA KICHWA MTANDAONI BILA KUSHAURIWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kichwa chako kikiwa mahali pake. Changu hakipo, na ndiyo sababu ninaandika.

Mimi ndiye Khan wa Dolni Brestak. Kila Agosti kijiji chetu huigiza vita ambamo Khan wetu, yaani mfalme wa kale wa Wabulgaria, alimbana Kaisari wa Bizanti kwenye mlango wa milima, akamkata kichwa, akakifanya kikombe cha divai. Tunaigiza kwa ngozi za kondoo, panga za mbao na farasi mmoja. Khan ni mimi, miaka nenda miaka rudi. Kaisari ni Botyo Kalpakov, mwokaji mikate, mtu aliyejaliwa mashavu ya kushindwa. Hakuna aliyewahi kulalamika, hata Botyo mwenyewe, maana kichwa tunachomkata ni tikiti maji.

Mwaka jana mlituletea vijana wawili wenye kamera na binti mkalimani. Wakasema wanatengeneza mchezo wa historia. Tukawakaribisha, tukawalisha, tukawamiminia rakia, pombe yetu kali ya matunda, tukawaambia wapige picha watakavyo. Nilidhani ni mchezo wa kufundishia watoto shuleni. Kumbe! Basi haya ndiyo malalamiko yangu, na nimeyapanga kwa namba ili wanasheria wenu wasipate taabu.

1. Mmekosea mtu. Vijana wenu walitupiga picha vita vikiwa vimekwisha, tumekaa kula. Agosti yetu si ya mchezo, na Khan huvaa manyoya kuanzia kofia hadi buti. Nilikuwa naiva humo ndani. Nikamwambia Botyo, "Hebu nipe hilo joho lako la hariri nipoe kidogo, nawe nishikie koti langu." Badala ya kulishika akalivaa, mshenzi yule, na kofia juu. Ndipo kamera ikapita. Sasa katika mchezo wenu Botyo ndiye Khan, na mimi, mwenye pua hii ya kifalme ambayo hata kipofu angeitambua kwa kuipapasa, ndiye Kaisari aliyeshindwa. Kuuliza tu kuliwashinda? Mliona wapi Khan mwenye unga kwenye nyusi?

2. Kichwa chenyewe. Mimi sichezi kamari, hata hiyo sloti yenu ya kuzungusha picha ili zikipangana mtu alipwe. Niliuona mchezo wenu mara moja tu, kwenye simu ya Genoveva mwenye baa, na nilivumilia mpaka Khan alipomaliza kunywa, nikainuka nikaenda zangu. Nilichokiona kinatosha. Nyuso zangu tatu zikipangana mstari mmoja, upanga unashuka, kichwa kinaruka, kinapakwa fedha, kinamiminiwa divai, na Botyo anakunywa. Kutoka kwenye fuvu langu! Botyo, ambaye kwenye harusi ya binti yangu alikunywa gilasi mbili akalala ndani ya sahani ya supu! Mama mkwe wangu alinipigia simu kutoka Burgas. Nilidhani anataka kunipa pole. Akaniuliza, "Svilen, mwanangu, nikitaka kuona tena nabonyeza wapi?"

3. Akishakunywa, Khan anatikisa kichwa juu na chini, eti amefurahi. Enyi watu wa kisiwani! Kwetu ukitikisa kichwa juu na chini unakataa. Anayekubali hukipeleka kushoto na kulia. Kwa hiyo Mbulgaria yeyote akitazama anaelewa hivi: Khan amemkata Svilen kichwa, amekinywea, na ladha hakuipenda. Kama ni lazima ninywewe, basi huyo anayekunywa aonyeshe shukrani.

4. Juu ya meza ya Khan mmeweka nyanya na pilipili hoho. Nyanya zilifika Ulaya karne nyingi baada ya Khan kuoza kaburini. Zilikotoka nakujua: ni saladi ya mke wangu Dafina, mliipiga picha siku ile ile, na jibini lake juu. Habari za kichwa changu Dafina alizicheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. Lakini Genoveva alipomwonyesha kwamba picha ya saladi ndiyo inayolipa kidogo kuliko picha zote, chini hata ya kitunguu, kicheko kilimkauka. "Kitunguu?" akasema. "Mimi nashindwa na kitunguu?" Tangu hapo hapikiwi mtu nyumbani kwangu. Tunakula mkate mkavu, tena wa Botyo huyo huyo, kwa sababu kijijini hakuna mwokaji mwingine. Hili nalo ni juu yenu.

5. Sasa nafika penye maumivu. Watoto wanamsalimia Botyo, "Habari za asubuhi, Khan!" na mimi wananionyesha kidole kikipita shingoni. Mwanafunzi wangu mmoja, nilipomwambia apunguze mwendo penye kona, alinijibu, "Tulia, Bai Svilen, wewe si ulishakufa?" Hilo "Bai" kwetu ni la kumheshimu mkubwa. Botyo ameibandika picha yenu juu ya tanuri, na siku hizi anatembea mikono nyuma. Juzi ameiandikia kamati ya nyumba ya utamaduni kwamba mwaka huu Khan awe yeye, kwa sababu, nanukuu, "dunia nzima inanijua hivyo." Kamati imeitisha kura Jumapili hii.

Mheshimiwa, mimi sina cheo kingine. Kazi yangu ni kufundisha watu kurudisha gari nyuma kati ya vigingi viwili. Lakini siku moja katika mwaka napanda farasi, kijiji kizima kinainua macho kunitazama, na Dafina anasimama mbele ya wote akiwa amevaa hereni zake nzuri. Mkiniondolea siku hiyo nabaki na vigingi. Inaniuma, na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo naomba, tena kabla ya Jumapili, mbadilishe nyuso: Botyo akatwe, mimi ninywe. Pili, niletewe cheti chenye mhuri, kwa Kibulgaria, kinachosema kwamba Khan halali ni mimi, nikisome mbele ya kamati. Na mpaka hayo yatimie, kila kichwa changu kinaporuka mchezo usimame wenyewe na yatokee maandishi makubwa: "Tunamwomba radhi Bwana Svilen Karadzhov," na mchezaji asiruhusiwe kuzungusha tena mpaka ayasome yote kwa sauti. Mkiona hilo ni gumu, basi fungeni mchezo kabisa, mfunge na kampuni, mtafute kazi ya heshima. Nyumbani kwangu nina nafasi ya mwanafunzi mmoja wa udereva.

Nasema hivi kwa sababu historia haichezewi. Aliyeshinda alishinda, aliyekatwa alikatwa, na hakuna mtu, awe na kompyuta au awe na tanuri, aliyepewa ruhusa ya kuigeuza.

Nisalimie wale vijana wawili, hasa yule mrefu aliyesahau soksi zake kwetu, zimefuliwa. Msalimie binti mkalimani pamoja na wazazi wake waliomlea vizuri, na mpishi wenu kama mnaye, na mlinzi wa mlangoni. Dafina hamsalimu mtu.

Ni mimi, niliye hai bado,

Svilen Karadzhov
Khan wa Dolni Brestak (angalau hadi Jumapili)

Nyongeza: Nilikuta posta imefungwa, kwa hiyo kura imepigwa barua hii ikiwa mfukoni mwangu. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Botyo alisimama kuhutubia. Hajamaliza hata sentensi ya kwanza, Genoveva akapiga yowe kutoka nyuma, "Kaa chini wewe! Kila ukitokea unanifagilia kila kitu!" Na mwingine, "Juzi umenimalizia yote, halafu unachekacheka!" Ukumbi ukawaka moto. Ndipo nikaambiwa kile ambacho ningekijua kama ningetazama mchezo hadi mwisho: uso wa Khan ukitokea peke yake unafuta ushindi wote wa mchezaji, lakini kichwa changu kikishakatwa inashuka mizunguko ya bure, kengele zinalia, na nyumba nzima inaruka. Watu hawanunui tena mkate kwa Botyo kabla hajageuza uso ukutani. Mimi bibi mmoja alinishika shavu mbele ya kamati, akasema, "Bai Svilen, inama kidogo nikuguse hicho kichwa kabla sijarudi nyumbani."

Ukhan sikuupata, amebaki nao Botyo, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Nimechaguliwa kuwa Kaisari kwa mikono yote, na mkono wa Dafina ulikuwa wa kwanza kuinuka. Tena imepitishwa kwamba Agosti hii Kaisari hakatwi. Anashinda vita, anapanda farasi, anapita kijiji chote akirushiwa maua. Mwalimu wa historia alitoka ukumbini kwa hasira, tukampungia mkono. Mtu lazima awe tayari kujifunza mambo mapya.

Kwa hiyo namba moja hadi tano zifuteni zote, isipokuwa saladi, ipandisheni ipite kitunguu tule. Kingine msiguse. Endeleeni kunikata kichwa, na ikiwezekana nikatwe zaidi Jumapili asubuhi, watu wakiwa ndio kwanza wanatoka kanisani.