Manyoya ya Ballarat

Jumatatu, 5 Agosti

Nimepata! Safari hii Cec Hanrahan hana pa kutokea.

Uchaguzi wa klabu ya matufe, ule mchezo wetu wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, ni Alhamisi ya wiki ijayo. Cec amekalia uenyekiti miaka nenda rudi, mpaka kiti kimechukua umbo lake. Mara mbili nimegombea, mara mbili nimeangushwa, na mara zote mbili kwa sababu ya soseji. Ndiyo, soseji! Anawasha jiko la nje, anakaanga soseji na vitunguu, anawapa watu kwenye mkate, nao wanampigia kura midomo ikiwa bado inang'aa mafuta. Hiyo ndiyo demokrasia ya mji wetu wa Camperdown, Australia.

Sasa nina kitu cha kuzidi soseji. Bango kwenye dirisha la duka la dawa: USIKU WA MANYOYA! Wachezaji ishirini! Madam Velvette, nyota aliyeitikisa Paris! Jumamosi, Ballarat. Ni ile dansi ya balesiki, wanawake wanavua vazi moja moja kwa madaha huku muziki ukipigwa, na ukidhani sasa ndiyo lile la mwisho, taa zinazimwa. Sanaa tupu.

Mchana nimetangaza klabuni: basi la kukodi, viti vya mbele, kiongozi wa msafara mimi. Nikaongeza kwamba meneja wa Madam Velvette ni rafiki yangu wa siku nyingi. Simjui. Sijui hata kama yupo. Cec akadakia mbele ya watu, "Bwana Lindsay, mara ya mwisho ulitupeleka kuona nyangumi. Tukaona ukungu." Ukumbi mzima ukacheka. Wajinga! Nyangumi walikuwepo. Walikuwa nyuma ya ukungu.

Merle, mke wangu, ameniuliza kama nina akili timamu, kumpeleka Bibi Pascoe wa klabuni na umri wake ule akatazame watu wakivua sidiria. Nikamwambia ni sanaa. Akasema hata vyombo vilivyo kwenye sinki ni sanaa, nikavioshe.

Jumatano, 7 Agosti

Basi limejaa! Wa kwanza kujiandikisha ni Bibi Pascoe. Aliuliza kama watavua kweli au ni maneno tu. Nikamhakikishia. Hata Cec anakuja, eti hataki kukosa ukungu mwingine. Cheka tu, bwana. Cheka.

Nimefanya mipango miwili ya siri. Kwanza, nimepiga simu ukumbini na kuuliza kiti kibaya kuliko vyote ni kipi. Binti wa tiketi akasita, kisha akasema kuna kimoja nyuma ya nguzo, huwa hawakiuzi. Nikamwambia akiuze. Hicho ni cha Cec.

Pili, nikamwomba binti huyo huyo amwambie mshereheshaji anitambulishe jukwaani: Lindsay Tranter, mwenyekiti mtarajiwa. Simu ilikuwa inakatakata, lakini alilidaka neno "mtarajiwa" bila shida. Alisema wanafanya hivyo kila wiki, wasiwe na wasiwasi wenzangu, tutafurahi. Sikujua kama wenyeviti wengi hivyo hupita Ballarat.

Merle ameniona nikifanya mazoezi ya kupunga mkono mbele ya kioo. Amefunga mlango polepole, kama mtu aliyemkuta mgonjwa amelala.

Jumapili, 11 Agosti

Wezi! Matapeli! Nimekaa na chai tangu asubuhi, imepoa, siwezi kuimeza.

Nianze na baridi. Ballarat mwezi wa Agosti, katikati ya majira ya baridi, kila mtu anajua, lakini humo ukumbini kulikuwa kubaya kuliko nje. Pumzi zetu tulikuwa tunaziona. Hita ilikuwa moja tu, na ilifungwa wapi? Kwenye nguzo! Upande wa nyuma, juu ya kichwa cha Cec! Sisi wa viti vya mbele tunatetemeka, yeye amevua koti, amekunja mikono ya shati, anamenya chungwa. Kabla pazia halijafunguliwa nusu ya msafara wangu walikuwa wamehamia kwake. Haoni jukwaa hata kidogo, wala hajali. Eti, "Lindsay, asante sana ndugu yangu, umenitafutia kiti kizuri." Ningemrukia.

Wachezaji ishirini? Watatu! Tena mmoja wao ndiye aliyetukatia tiketi mlangoni. Wa pili alicheza na mapepeo mawili makubwa ya manyoya ya mbuni, na kila akigeuka manyoya yanang'oka. Mpaka wimbo unaisha amebaki na vijiti, na mstari wa mbele wote tunapiga chafya.

Akaja Madam Velvette mwenyewe. Makofi. Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. Nikasema sawa, ndiyo madaha yenyewe. Glavu ikamkwama kwenye kiwiko. Akavuta. Akauma kwa meno. Akaketi kwenye kiti ajipange vizuri. Wimbo ukaisha, ukapigwa tena. Hatimaye ikatoka, akainama, taa zikazimwa. Mapumziko! Mapumziko marefu kama mkutano wa halmashauri, watu wakiuziwa kalenda. Tukarudi, pazia likafunguliwa, Madam akatoka tena, tukanyoosha shingo zetu.

Akavua glavu ya pili.

Naapa nilisikia Bibi Pascoe akisema kwa sauti, "Kwa mwendo huu, mimi nitakufa kabla hajafika kwenye soksi."

Kisha yakanikuta. Mshereheshaji, jamaa mwenye koti la kumetameta na vichekesho vya enzi za babu yangu, akashika kipaza sauti akasema kuna mgeni maalumu. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Akatangaza, "Tumpigie makofi Bi. Lindsay Tranter, bibi harusi mtarajiwa!"

Bibi harusi! Kumbe wanaopelekwa pale kila wiki ni mabinti wanaoagwa na wenzao kabla ya ndoa. Na jina hili walilonipa wazazi wangu linavaliwa na wanawake pia, laana gani hii! Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshapunga mkono. Wale wachezaji wawili wakanikamata, wakanipandisha jukwaani, nikavishwa shela, nikazungushiwa skafu ya manyoya. Mshereheshaji aliponiona ndevu akashtuka kidogo, halafu akauliza mwenye bahati ni nani. Klabu nzima, kwa sauti moja: "Cec!"

Nikampokonya kipaza sauti. Nikawaambia watu wa Ballarat tumeibiwa mchana kweupe. Nikawaambia wachezaji kumi na saba wako wapi. Nikawaambia Paris haitikisiki kwa glavu! Kila neno wanapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho! Kadiri nilivyofoka ndivyo walivyozidi kucheka, shela likinipepea usoni. Nilimwona Merle. Alikuwa amejikunja juu ya mapaja yake, anafuta machozi kwa skafu ya Bibi Pascoe. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka aliokufa dada yake.

Baadaye nilikwenda nyuma ya jukwaa kudai maelezo. Madam Velvette alikuwa ameketi juu ya sanduku, goti limevimba, amevaa sweta la kufuma, anakunywa dawa ya kikohozi kwenye chupa. Paris! Mwanamke wa mji mdogo wa Dimboola, anaitwa Glenys. Akaniambia, "Mzee wangu, gari la wenzangu limeharibika njiani kutoka Adelaide, na mimi nina homa siku ya tatu. Ningefunga milango mngerudi na njaa yenu. Nimewapa nilichokuwa nacho. Ila wewe, baba, umeniokoa. Ukitaka kazi, nipigie."

Kazi! Mimi! Nikamwambia atasikia kutoka kwangu. Akasema sawa, ila nimrudishie shela.

Basi zima liliimba wimbo wa harusi mpaka Camperdown.

Jumanne, 13 Agosti

Mji huu umeoza. Nimeingia kwa muuza mikate, akaniuliza keki yangu nataka ya ghorofa ngapi. Posta wamenipongeza. Mtoto wa jirani amenirushia mchele, kama wanavyorushiwa maharusi.

Jioni Cec amekuja nyumbani. Amebeba bia. Nikajua amekuja kunikoga. Akaketi, akazungusha chupa mkononi, akasema daktari amemkataza kuinama, mgongo umechoka, naye hataki tena kugombea. Akasema watu wa klabu hawajacheka hivyo kwa miaka, kila mtu anataka kunichagua mimi. "Kiti ni chako, Lindsay. Tena nitakupendekeza mwenyewe. Siku ya kwanza uje na shela tu, basi."

Na shela! Hapo ndipo nilipoing'amua njama yao. Wanataka mwenyekiti wa kuchekwa. Nikamwambia achukue bia yake aende. Akasema alikuwa anatania tu kuhusu shela. Nikamwonyesha mlango.

Merle alikuwa jikoni, amesikia yote. Akasema, "Mume wangu, yule mtu amekuletea kile unachokililia, amekiweka juu ya meza yako, na wewe umekifukuza." Nikamwambia haelewi siasa. Akasema Jumamosi alifurahi kuwa mke wangu. Kisha akaenda kulala chumba cha wageni. Sijui hayo mawili yanahusianaje.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimewakomesha!

Cec alinipendekeza, kama alivyosema. Mikono ikaanza kunyanyuka, mingi, mingi kweli. Nikaomba kwanza nizungumze. Nikawaambia sitaki kura za huruma wala za kicheko. Nikawataka walioimba kwenye basi wasimame mmoja mmoja waniombe radhi. Nikawaambia waliohamia kwenye hita ni wasaliti. Nikasema mtu asiyejua tofauti ya sanaa na utapeli hafai kuviringisha tufe.

Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine, kama nguo zinazoanuliwa. Bibi Pascoe akasimama kwa fimbo yake. Nikadhani yeye ndiye wa kwanza kuomba radhi. Akasema, "Mwanangu, mimi nimefiwa na mume miaka sita. Jumamosi ndiyo siku ya kwanza nimecheka mpaka mbavu zikauma. Usininyang'anye." Akaketi. Mtu akasema kwa nini asiwe yeye? Wakamchagua kwa sauti moja. Mwenyekiti mpya! Hajui hata kanuni ya mstari wa kuchezea! Jambo la kwanza alilotangaza ni chai kwa wote.

Nimeondoka bila kunywa. Nimetembea hadi nyumbani kwenye mvua, peke yangu. Merle alibaki. Nilipofika langoni bado nilikuwa nawasikia wanacheka kule. Nilisimama kidogo nisikilize wanamcheka nani.

Jumamosi, 17 Agosti

Nilikuwa karibu kujiuzulu klabu, lakini asubuhi hii nimepita mji jirani wa Terang, nimeona bango, nikachukua na karatasi yake. Farasi weupe wa kifalme! Wanacheza waltz! Taa elfu, wapanda farasi arobaini, moja kwa moja kutoka Vienna! Horsham, kwenye uwanja wa mnada wa kondoo, mwezi ujao. Wakiona kitu kama hicho watajua ni nani alistahili kuwaongoza. Nimeshakodi basi. Kubwa kuliko lile.

Nilipomwonyesha Merle ile karatasi ya tangazo alivaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga, akaniuliza kama nimesoma maneno madogo ya chini. Nikamwambia sijayasoma, na sina mpango wa kuyasoma. Maneno madogo wanaandikiwa watu wadogo.