Hoteli ya Kumkwepa Shangazi

Jumatatu, 9 Juni

Shule zimefungwa. Dorkas karudi na rundo la madaftari na uso wa mtu aliyeamua. Hata viatu hajavua, katoa tamko: tangu tuoane hatujawahi kwenda likizo. Yeye alichopata ni wageni.

Kweli tupu, sibishi. Nyumba yetu iko hapa Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma, na ndugu yeyote anayesafiri hutukumbuka saa ileile njaa inapomshika. Hushuka na begi, hushuka na mtoto, wengine hushuka na mbuzi. Chai ya ndugu huyu haijaisha, ugali wa yule unasubiri moto.

Anataka siku nne hotelini. Hoteli ya maana, ya mjini, yenye mtu wa kutandika kitanda ambaye si yeye. Na sharti kaliweka: akishika mwiko hata mara moja kabla hatujarudi, basi mpishi wa wageni hapa nyumbani mpaka Krismasi ni mimi.

Nimekubali papo hapo. Mwanaume mwenye mpango haogopi masharti.

Ipo na sababu ya pili, ya siri. Samweli! Jirani yetu, mwenye duka la dawa. Desemba alimpeleka mkewe hoteli moja ya Arusha, akatujazia status wiki nzima. Samweli ndani ya lifti. Samweli na tikitimaji lililochongwa likawa ua. Samweli kavaa lile joho jeupe la kutokea bafuni, miguu juu ya stuli, kama askofu mstaafu. Tangu hapo hunisalimia kwa upole. Upole ule unaniua.

Jumanne, 10 Juni

Watu wengi hukosea hapa. Huanza kuchagua hoteli. Mimi nimeanza kuchagua ndugu.

Kulala hotelini katika mji aliko ndugu yako ni kuutangazia ulimwengu kwamba nyumba yake ina kunguni, au mmegombana. Kwetu huitishiwa kikao. Kwa hiyo hoteli nzuri kwanza iwe kwenye mji mzuri, na mji mzuri ni ule usio na mtu wetu.

Dar es Salaam: imejaa. Ndugu wanaanzia Kibaha, hawaishi mpaka baharini. Arusha: yuko dada yake Dorkas, halafu Samweli keshaichafua. Mwanza: yuko mjomba, tena ana gari, atatufuata popote. Mbeya: hakuna mtu, safi kabisa! Dorkas kasema hakuomba likizo ya kukaa kwenye basi.

Imebaki Dodoma. Pale yuko shangazi Anastasia peke yake, dada wa marehemu baba. Mama mmoja, mfupi, ndani ya jiji zima. Mtu hawezi kushindwa kumkwepa mama mmoja.

Dorkas kaniuliza kama shangazi yangu namfahamu au nilisimuliwa.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya kuchagua hoteli. Nimefunga duka mapema. Nina duka la fotokopi na picha za pasipoti mbele ya ofisi za wilaya, kompyuta ninayo, macho ninayo.

Hoteli ya kwanza inajisifia bwawa la kuogelea. Nimelikuza bwawa. Maji ya kuchora! Mimi ndiye niliyewavalisha koti na tai, kwa kompyuta, nusu ya watumishi wa Ikungi waliokuja na fulana. Siwezi kudanganywa na bwawa.

Ya pili ni nzuri lakini ni ya semina. Humo kila siku wapo watu wa halmashauri wenye beji shingoni. Dorkas kasema hawezi kupumzika huku yeye, kavaa kandambili, anapishana na afisa elimu wake kwenye korido.

Ya tatu, Zabibu Palasi. Lifti ipo. Mlango unafunguliwa kwa kadi. Nimepiga simu, kapokea dada mmoja wa mapokezi anayeitwa Faith. Nikamuuliza habari ya joho. Akasema lipo, kila mgeni na lake. Nikauliza kama limeandikwa jina la hoteli. Akasema jina limedariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu. Basi. Tumemaliza. Nimeshika chumba, Ijumaa hadi Jumanne.

Nikampigia na Kamran wa Singida mjini, anayeniuzia karatasi, maana amelala hoteli nyingi. Akacheka. Akasema, "Alute bwana, joho la nini? Uliza maji ya moto. Juni hii Dodoma utaoga unalia." Kisha akaongeza kwamba nikishafika nizime simu, ndiyo likizo yenyewe. Kamran ni mfanyabiashara hodari, ila mambo ya starehe hayajui. Starehe isiyoonekana ina tofauti gani na kulala?

Alhamisi, 12 Juni

Hatari! Shangazi kapiga simu asubuhi. Anataka kuja kwetu Jumamosi, amekumbuka mlenda wa mama Peniel. Mama Peniel ndiye Dorkas.

Sikutetemeka. Nikamwambia tunakwenda Nduguti kwa mama mkwe kuvuna mtama, na kule mtandao ni wa shida. Si uongo wote. Watoto tumekwishawapeleka huko kwa bibi yao. Akasema Mungu awabariki wakulima, akatuombea palepale kwenye simu, sala ndefu, yenye mtama ndani yake. Dhamiri ikanichoma kidogo. Kufikia saa ya chakula cha mchana ilikuwa imepoa.

Dorkas kasema uongo unaoombewa haukai. Walimu wana maneno.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefika! Kwenye basi nilivaa kofia na miwani ya jua. Abiria wa pembeni akaniuliza kama nimefanyiwa upasuaji wa macho. Stendi ya Dodoma nilipita kwa kujibanza nyuma ya mama aliyebeba godoro. Dorkas alipita katikati, mkoba unarukaruka mkononi, kama mtu asiye na shangazi wa mume.

Chumba. Nitasema nini? Pazia linafunguka kwa kubonyeza. Kitanda ni uwanja. Dorkas alikaa ukingoni, akavua viatu, akauliza kwa sauti ndogo kama kweli hakuna mtu anayekuja. Nikamwambia hakuna. Akajilaza na nguo zake za safari, akalala mchana kweupe.

Nikamtazama. Sikujua kwamba Dorkas hulala amekunja ngumi chini ya kidevu. Nyumbani mimi ndiye hutangulia kulala, yeye hubaki na vyombo.

Halafu nikavaa joho.

Picha imetoka vizuri kuliko ya Samweli. Mguu juu ya stuli, kifua mbele, dhahabu inasomeka. Nikaandika chini yake: "Zabibu Palasi, Dodoma. Wengine tunapumzika." Lakini mimi si mjinga. Simu ina sehemu ya kuchagua nani aone status na nani asione. Nikakaa na orodha ya majina, nikaweka alama kwa ndugu mmoja mmoja. Shangazi alama. Mjomba alama. Wa Manyoni wote alama, wa Itigi wote alama. Kazi ya subira. Kisha nikairusha.

Lala salama, Samweli. Ukiweza.

Jumamosi, 14 Juni

Kifungua kinywa. Yuko mpishi mwenye kofia ndefu anayemuuliza mtu yai lake liwe na nini ndani. Dorkas aliomba la vitunguu. Akarudi akaomba la nyanya. Akarudi tena. Nikamwambia hutayamaliza. Akasema hayuko pale kwa ajili ya mayai, yuko pale kwa ajili ya kuulizwa.

Nikafungua simu nione Samweli ameumia kiasi gani. Samweli hajaona. Ikungi nzima hakuna aliyeona. Ajabu! Waliotazama: shangazi Anastasia, wa kwanza. Mjomba. Wa Manyoni wote. Wa Itigi wote.

Waliotengeneza simu hii hawana utu. Sehemu ya kuficha watu na sehemu ya kuonyesha hao tu wameziweka jirani, kama choo na jiko. Nimeweka alama kwenye sehemu ya pili. Picha ya joho imeonwa na ndugu peke yao, ukoo mzima, na hakuna mwingine duniani.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia Dorkas. Tulipopanda chumbani, simu ya mezani ikalia. Faith wa mapokezi: mna mgeni. Ana kuku.

Tuliposhuka, shangazi alikuwa amesimama katikati ya marumaru ya mapokezi, kanga mbili, kuku kwapani. Tukasema shikamoo pamoja. Dorkas alipiga magoti pale pale, mbele ya lifti. Marahaba ikaja nyembamba kama uzi. Shangazi akaniuliza kama mtama umevunwa. Nikamtazama kuku. Akauliza tena, sasa kwa ajili ya watu wote waliokuwa pale, kama mtoto wa kaka yake anaweza kulala kwa mtu wa kulipa ilhali yeye yu hai, nyumba anayo, na godoro hajaligeuza tangu Pasaka akimsubiri yeye. Akajifuta jicho kwa pindo la kanga. Kuku naye akapiga kelele. Mlinzi wa mlangoni alinitazama kwa masikitiko, na ni mtu nisiyemjua.

Akatoa hukumu. Tukusanye mizigo twende nyumbani. Kuku huyu mama Peniel atampika leo, na ule mlenda wake.

Dorkas alinigeukia. Alinitazama tu. Niliuona mwiko ndani ya jicho lake, na Krismasi nyuma ya mwiko.

Hapo ndipo akili yangu huwaka. Nikacheka! Nikasema, "Shangazi, umetuharibia. Tulikuwa tunakuandalia jambo. Chumba hiki tumekichukua kwa ajili yako, mchana huu ndio tulikuwa tuje kukuchukua. Joho lile nilikuwa nalijaribu kama litakuenea."

Shangazi akatazama lifti. Akatazama taa ya dari. Akauliza kama ni kweli. Dorkas, bila kupepesa, akasema kweli shangazi, hata pazia linafunguka lenyewe, njoo uone.

Kumbe mke wangu anajua kusema uongo kuliko mimi! Nimejivunia.

Jumapili, 15 Juni

Mpango umefaulu, tofauti kidogo. Chumba ni cha watu wawili. Faith kaonyesha kanuni. Shangazi kasema kanuni ni kanuni, na haifai wanawake waliochoka watenganishwe. Kanikabidhi funguo za nyumba yake na kuku.

Nililala kwa shangazi, Nkuhungu. Kuna mabanda mawili ya kuku wengine wanaotaka kula alfajiri. Sawa, kazi ndogo.

Kumbe waliotazama picha hawakukaa kimya. Adhuhuri akabisha mjomba mwingine, Mazengo wa Manyoni, na mkewe, wanatoka kanisani, wamesikia Alute ametajirika, wamekuja kumpongeza. Baada yao wa Itigi. Hotelini wameogopa mlinzi, wakaja kwa shangazi. Wakakaa. Wakanitazama. Mjomba akauliza, kwa heshima zote, "Baba Peniel, kwani jikoni kuna nani?"

Jikoni nilikuwepo mimi.

Ugali wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa na mabonge. Mke wa mjomba akasema usiwe na wasiwasi baba, tutaula gizani. Wa Itigi mmoja akaniita shemeji mwenye mwiko, wakacheka mpaka kuku wakajibu. Kila nikikaa, mtu anakumbuka chai. Kila nikiosha kikombe, kuna anayekihitaji. Moshi ulinitoa machozi, na ulipokwisha yakaendelea yenyewe kidogo.

Jioni Dorkas katuma picha. Yeye na shangazi, majoho meupe, miguu juu, katikati yao tikitimaji lililochongwa. Kaandika hajawahi kupumzika namna hii. Nikakaa nikaitazama kwa muda, mikono ina unga.

Sharti lake halikuvunjika. Mwiko hajaugusa. Ushindi ni ushindi.

Jumanne, 17 Juni

Tumerudi Ikungi. Dorkas anatembea kama mtu aliyepunguziwa mzigo kichwani. Kwenye basi aliniegemea bega, akasema asante, Alute. Kwa hilo tu ningepika tena. Sijamwambia, asije akanishika neno.

Samweli alikuwa mlangoni pa duka. Status ya Dorkas ameiona, maana Dorkas hamfichi mtu. Akanisalimia kwa upole zaidi. Akasema shemeji amependeza, na mama pia, hongera sana. Halafu: "Wewe jirani ulibaki kulinda nyumba?"

Nikacheka kicheko cha mtu mwenye siri.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeyatafakari yote kwa utulivu. Kosa lilikuwa moja tu: tulijificha kama watu wenye afya. Ndugu humfuata mtu mwenye raha. Mwakani tunakwenda Mwanza, hoteli ile ya kando ya ziwa, nimeikuza picha yake na maji ni ya kweli. Safari hii nitasema naumwa. Nimepewa rufaa, nakwenda kulazwa siku nne. Nani atamsumbua mgonjwa? Mgonjwa huachwa apumzike.

Nimeanza mapema ili wazoee. Leo nimempigia shangazi, nikamwambia kwa siri kubwa kwamba mwakani huenda nikalazwa Mwanza, asimwambie mtu. Amepokea vizuri sana. Habari ya hoteli hakugusa kabisa. Kauliza tu ni wodi gani, wanaruhusu watu wangapi kwa pamoja, na uji wangu uwe wa ulezi au wa mtama. Tangu hapo simu yangu haijaacha kuita. Wa Manyoni, wa Itigi, mjomba mwenye gari. Wote wananipa pole.

Wameamini!