Namna ya Kumtupa Msabah Kapuni

Alhamisi, 31 Mei 2001

Kosa la wengi ni kudhani zile picha ndogo kwenye kioo cha kompyuta ni mapambo. Si mapambo. Kioo ni meza. Kila picha ni kitu kilichowekwa juu yake. Nimesomesha jiografia miaka thelathini, meza naijua.

Chuoni kwetu Kajificheni, pale watoto wanaposoma Kurani, kompyuta ni moja, na karani ni Ibtisam, mwanafunzi wangu wa zamani. Ipo picha ya orodha ya wasomaji wa maulidi. Mlango wa kiyamu, ule wa kitabu cha maulidi unaowasimamisha watu wote, kapewa tena Msabah, mstaafu wa forodha. Mwaka wa nne huu! Sauti yake kama bawaba kavu. Zamu ni yangu.

Ijumaa, 1 Juni

Baada ya sala Ibtisam kaenda kula. Nikaandika orodha mpya. Kiyamu: Maalim Badar, ndiye mimi. Ile ya zamani ina mshale mdogo pembeni. Bila shaka unaelekeza kapu la taka lilipo. Nikaiburuta, nikaitia. Mara nasikia viatu vinavuliwa mlangoni. Nikazima kioo. Kompyuta imezimika, siri imezikwa.

Jumamosi, 2 Juni

Balaa. Ibtisam kawasha kioo tu, na orodha yangu hiyo, imekaa kama bwana harusi. Msabah kasimama nyuma yake!

Ibtisam akanieleza kwa upole, kama ninavyowaeleza darasa la kwanza. Kuzima kioo si kuzima kompyuta, ni kama kumfunika mtu uso. Mwenyewe bado yumo. Na picha yenye mshale si orodha. Inaonyesha njia tu. Orodha yenyewe imo ndani, salama.

Msabah alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Maalim, ungenambia tu. Goti langu halisimami tena, nlikuwa nakuja nikuachie mlango. Sasa wewe shika mrashi."

Jumanne, 5 Juni

Maulidi yamekwisha. Msabah kasoma, goti na yote. Mimi nimewarashia watu marashi. Yeye yalimwingia jichoni, kwa bahati mbaya.

Nimetafakari. Kosa langu ni moja: nilitupa kitu kidogo. Juu kabisa, pembeni, ipo picha ya kompyuta nzima. Ikitupwa hiyo, mwakani orodha itaandikwa kwa mkono, na mwenye hati nzuri mtaani ni mimi.

Kwa hiyo leo, Ibtisam akenda kula: ishike picha ya kompyuta, iburute, itie kapuni.