Nguo ya Amplifaya

Jumanne, tarehe 4 Februari

Gari limenyamaza tena. Binti yangu wa mwisho, huyu mwenye gari la matangazo, alikuwa anapita mitaani kutangaza habari za maji. Akafika "Ndugu wananchi, kuanzia kesho," sauti ikakata. Kesho nini? Watu wakabaki wameshika ndoo, wanamtazama.

Amerudi uso umemshuka. Chakula hakugusa. Jumamosi linafunguliwa duka jipya la magodoro, na mwenye duka ameita magari mawili, letu na la yule mshindani wetu wanayemwita Tarumbeta. Litakalosema mpaka jioni bila kuzima ndilo litapewa matangazo yake ya mwaka mzima. Tukikosa, binti yangu arudi kufagia zile ofisi alikokuwa akitukanwa na watoto wadogo. Nikiwa hai, hilo halitokei.

Amplifaya ndiyo mgonjwa. Ni lile boksi la chuma chini ya kiti cha nyuma, linalokuza sauti. Nimeligusa, moto kama pasi. Na nililifumia mwenyewe nguo ya sufu, nene, ikalifunika mpaka miguuni jua lisiliguse. Sasa joto linaingilia wapi? Kuna mtu.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Kaja fundi wa redio. Kaweka kiganja, kakitoa mbio. Akasema, Bibi, hiki chombo kinachemka kwa sababu hakipumui. Kivue nguo, kitoe chini ya kiti, kiwekee feni. Nikamtazama. Shule sikuiona hata uzio wake, kuandika nilifundishwa ukubwani, lakini najua bati halina pua. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anapumua vizuri siku hizi. Binti yangu akakohoa.

Nilimwona anavyoishika ile nguo. Anaisugua kwa vidole, anageuza mishono. Anaitaka. Ana mchumba huyo.

Nikairudisha mahali pake, nikaongeza na shali yangu juu. Binti yangu akanyoosha mkono kuivua, akaurudisha. Ndivyo nilivyomlea. Kilichotoka mkononi mwa mama hakivuliwi mbele ya macho yake.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Shali na nguo, na bado gari halikumaliza hata mtaa mmoja. Hapa si bure.

Tarumbeta alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara, anatabasamu. "Shikamoo Bibi. Joto leo." Joto! Nani alimwambia habari za joto? Nikaitikia marahaba kwa meno. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu amekaa karibu mno.

Lazima nilione gari lake kwa ndani. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nimevua kitambaa cha televisheni. Nitakwenda nacho kama zawadi.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Nimeona kwa macho yangu mawili. Amplifaya yake iko nyuma, juu ya vibao, uchi wa mnyama. Pembeni yake feni ndogo inazunguka. Nikamuuliza feni ya nini. Akasema ya kupoza, Bibi. Nikafuata upepo wake kwa kidole: unatoka dirishani, unaelekea barabarani, kwetu. Kumbe joto lake anatusukumia sisi!

Nikameza hasira. Halafu, kusema kweli, nikakionea huruma kile chombo. Kimekaa wazi kama hakina kwao. Nikamkabidhi kitambaa. Akapokea kwa mikono miwili, akaanza eti, Bibi, unajua hivi vitu... Nikamwambia, "Utaukataa mkono wa mama yako?" Hakuukataa. Akafunika. Nikazungusha kamba mwenyewe, nikapiga fundo, na feni yake humo humo ndani. Joto lake alale nalo.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Nimeshinda kwenye kiti mbele ya duka, jua la kupasua mawe. Magari yote mawili yalianza kwa kelele, moja kila mwisho wa mtaa. Ilipofika adhuhuri Tarumbeta akasema "Godoro letu ukililalia utaamka kama," basi. Kama nani? Kimya. Akapigapiga, akawasha, akazima. Kimya. Amebanwa na dhambi zake.

Letu liliimba mpaka jua likazama. Mwenye duka akamshika binti yangu mkono, kazi ya mwaka mzima ni yake. Amekula sahani mbili. Mimi machozi yalinitoka, nikawaambia ni vumbi.

Nilimpelekea Tarumbeta maji. Naye ni mtoto wa mtu. Alikuwa amekaa nyuma ya gari, kitambaa changu magotini. Nikamwambia, pole mwanangu, hukukaza ile kamba, joto limepenya. Akakikunja kile kitambaa mara nne. Akasema, labda, Bibi.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Nimekwenda kufagia gari letu. Amplifaya haiko chini ya kiti! Iko nyuma, juu ya vibao, uchi, na feni mpya inaipulizia. Nguo hakuna, shali hakuna. Binti yangu akasema huenda vilianguka njiani tangu juzi, huku anatazama viatu vyake. Anamficha fundi. Saa hizi kuna msichana mahali anajitanda shali yangu.

Sawa. Ila nimewaza: kama imeshinda siku nzima juani bila nguo na bado ikasema hivyo, je, ikivaa? Nimeanza nyingine, sufu mara mbili. Na feni nayo nimeipima kwa uzi. Maskini, inahangaika kutwa kucha na mgongo wazi.