Wiki Moja na Msumeno wa Bwana Knöpfle

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza! Wiki ya majaribio katika karakana ya Bwana Knöpfle. Nafasi ya mwanagenzi ni moja, sisi ni wawili. Mwenzangu ni Tilman, miaka thelathini na minane, alikuwa mwalimu wa jiografia, amechoka na watoto wa watu. Ana daftari. Mimi niliachia shule darasa la tisa, lakini nina Lioba, miaka miwili na nusu. Nikiipata nafasi hii naacha kufagia kiwanda cha mikate alfajiri, na mwanangu nitamwamsha mwenyewe. Kwa sasa anaamshwa na bibi yangu Traudel, ambaye hana mchezo.

Tunajifunza msumeno wa kutumbukiza. Diski ya meno imejificha ndani ya mfuniko. Unauweka juu ya reli, unabonyeza, diski inazama kwenye ubao, unasukuma. Bwana Knöpfle alisema tupime unene wa ubao, tuongeze milimita chache tu, hicho ndicho kina. Tilman akaandika. Mimi nikapata akili: weka kina cha mwisho kabisa, kitafaa ubao wowote hadi Ijumaa!

Plaiwudi ilikatika kama keki. Na meza iliyokuwa chini yake. Mita moja na nusu. Meza ya marehemu baba yake bosi.

Bwana Knöpfle alipitisha kidole kwenye ule mfereji, akaenda kunywa kahawa. Hakugomba. Huku kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, bosi asiyegomba ameridhika. Siku njema.

Jumanne, 11 Machi

Mbao nyeupe za kabati, zile zenye ngozi laini ya plastiki. Tuliambiwa tubadili diski, meno makubwa ni ya mbao ngumu, hizi zinataka meno madogo mengi. Kubadili kunakula dakika tano. Nikamwacha Tilman abadili ya kwake, mimi nikakata vivyo hivyo. Nilimaliza wa kwanza! Kingo zilitoka zimemeguka-meguka, nikazigeuzia ukutani.

Bwana Knöpfle akazigeuza. Akaniuliza, binti, huyo panya wako umemfuga tangu lini? Tilman alicheka mpaka akakohoa. Nilimjibu Bwana Knöpfle kwamba panya angechelewa zaidi. Hakucheka. Ila hakugomba.

Saa tatu, wakati wa mkate na soseji, Tilman alileta keki ya tufaha ya mkewe. Hongo ya wazi! Nilikula vipande vitatu ili asibaki na ya kumpa bosi.

Jumatano, 12 Machi

Plastiki angavu, ya kaunta ya duka la dawa. Agizo: punguza kasi, plastiki haipendi joto. Na usisimame nyuma ya msumeno, simama kando. Na reli ibanwe kwa jiriwa. Maagizo matatu kwa siku moja, kama vile hatujazaliwa.

Nikapandisha kasi. Nilikata mpaka mwisho, safi kabisa. Nilipotazama nyuma, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kujiunga yenyewe. Nimekata mita nzima na sijakata kitu! Nikarudia. Diski ikanasa, msumeno ukaruka nyuma kama punda aliyechokozwa, ukatua pale hasa nilipotakiwa nisisimame. Sikuwapo. Nilikuwa nimeinamia kando, nachungulia kazi ya Tilman.

Bwana Knöpfle alikaa chini. Nadhani alifurahi kuona nimesimama kando.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeharibu.

Ilikuwa zamu ya alumini. Tilman alikuwa anabadili diski, ufunguo mkono huu, daftari mkono ule, midomo inasoma hatua ya nne. Hatua ya kwanza, chomoa plagi, ilikuwa ukurasa wa nyuma. Waya ulikuwa bado ukutani, na kiwiko chake kilikuwa karibu kuigusa swichi.

Sikumbuki kufikiri. Niliruka benchi, nikaing'oa plagi, nikampiga Tilman kofi mkononi na kupiga kelele: aa-aa! Mbaya hiyo! Kisha nikavishika vidole vyake nikavipuliza.

Karakana nzima ikageuka kututazama. Tilman akasema kwa upole kwamba yeye ni mtu mzima. Nikamwomba radhi mara tatu. Kumpiga mshindani mbele ya bosi! Nimemwambia Bibi Traudel sitaacha kule kiwandani.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana Knöpfle ameniita. Alisema meza atanunua, mbao atanunua, vidole hajaona vinapouzwa. Alisema kuandika kila mtu anaweza, lakini mkono unaotangulia kichwa kwenye plagi hajaupata tangu afungue karakana. Tilman akaniambia, chukua, dada, mimi nahesabu vidole vyangu kumi tangu jana na vyote vipo.

Nafasi ni yangu! Kuanzia Septemba!

Sharti moja: mpaka Krismasi nisiuguse msumeno wa kutumbukiza. Ufagio na msumeno wa mkono tu. Nimeelewa. Kasi yangu imemtisha.

Nilimwambia Lioba kwamba kuanzia Septemba akifumbua macho atanikuta. Akaniuliza, na kesho je?

Jumapili, 16 Machi

Kusubiri mpaka Krismasi nitasahau yote. Bibi Traudel anatamani sinki kubwa jikoni, tundu la kaunta lipanuliwe, na jirani aliniazima msumeno wa aina ileile jana. Reli hakuwa nayo. Ubao wa kupigia pasi umenyooka vizuri, nitaushika kwa goti.

Tatizo ni Jumapili, siku ya utulivu kwa sheria. Huku ukichomeka tu mashine ya kufyonza vumbi Jumapili, mtaa mzima uko mlangoni. Lakini Bibi amekwenda kanisani na Lioba, na kengele zikipigwa hakuna atakayesikia kitu. Zinalia dakika nne hivi. Kwa kasi yangu zinatosha.

Juu ya kaunta ni ngozi laini. Chini yake sijui kuna nini, nitaona nikifika.

Kengele hizo!