Gari la Umeme la Harlow Falls Lazinduliwa Rasmi

Mheshimiwa Jaji Peabody, Mwenyekiti wa Kamati ya Taa na Mitaro. Mchungaji wetu mpendwa wa Kimethodisti pamoja na mama mchungaji. Kapteni wa zimamoto na mbwa wake. Mabwana wenye kiwanda cha misumari, ambao wameshindwa kufika lakini wametuma salamu. Bendi yetu ya matarumbeta. Nanyi wafanyakazi wa kule kilimani mliojitokeza kwa wingi alfajiri hii: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Sauti: "Hatukujitokeza, tunasubiri gari!")

Nashukuru kwa mwamko huo. Mimi, Lucius Thornbury, Meya wenu na, kwa unyenyekevu mkubwa, baba wa maendeleo yenu, nasimama juu ya paa la gari hili la reli kuwatangazia kwamba, baada ya mchakato mrefu wa upembuzi yakinifu, ulionilazimu kwenda Chicago kulala hotelini na kula chaza kwa niaba yenu, mji wetu umeingia katika karne ya ishirini miaka saba kabla ya wakati wake! (Makofi. Tarumbeta moja linakohoa.)

Takwimu hazidanganyi. Kabla ya uongozi wangu, asilimia mia moja ya abiria walikwenda kazini kwa gari la kukokotwa na farasi, wanyama wenye harufu na wasio na dira, na leo hii asilimia hiyo imeshuka hadi sifuri! (Sauti ya mwanamke: "Si uliwauza wewe!")

Nani huyo? Aa, Mama Rozalia Wojtas wa kiwandani. Tulia, mama. Farasi waliuzwa mwezi wa Aprili, umeme ukiwa bado haujafika, kwa mujibu wa mkakati wa kuyapisha maendeleo, maana mtu hawezi kuvaa viatu vipya bila kuvua vya zamani. ("Basi tumebaki pekupeku!" Kicheko.)

("Mstahiki, nisikilize. King'ora kikilia, geti linafungwa. Tangu farasi waondoke nimeshafungiwa nje mara mbili. Leo nikifungiwa tena sina kazi, na mume wangu yuko kitandani na mguu uliovunjika. Gari linaondoka saa ngapi?")

Swali zuri, swali la msingi kabisa, nami nitalijibu katika sehemu ya tano ya hotuba hii. (Miguno.) Lakini panueni fikra, ndugu zangu! Reli haitaishia getini. Itapitiliza hadi ziwani, ambako tutajenga bustani ya starehe yenye ukumbi wa dansi, aiskrimu ya maziwa mabichi, uwanja wa besiboli, puto la kuwapandisha angani, na bembea kubwa ya kuzunguka yenye farasi wa mbao arobaini! ("Tupe wawili wa nyama na damu!" Kicheko kirefu. Mchungaji anajifanya kukohoa.) Jumapili mtakwenda na wachumba wenu, na vijana wa Pittsburgh watakufa kwa kijicho.

Nikielekea kuhitimisha, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nawashukuru akina mama wa Mtaa wa Maple walioniazima kamba za kuanikia nguo, ambazo ukizitazama kutoka chini hazina tofauti na nyaya. Namshukuru fundi mchoraji wa mapazia ya jumba la maigizo, aliyetuchorea ile nyumba ya mitambo mnayoiona pale, pamoja na moshi wake, tafadhali msiiegemee. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi, kwa uvumilivu mtakaouonyesha, kwa kuwa wahandisi wenyewe bado hatujawatafuta. (Minong'ono, na mlio wa minyororo mbele ya gari.)

Umeme juu! (Abiria wanapanda garini.) Maendeleo juu! Harlow Falls… (Gari linatikisika.)

Mmeona? Mmeona, enyi wenye imani haba? Linakwenda! Huo ndio umeme! Pigeni tarumbeta, jamani, linakwenda kweli, hata mimi mwenyewe sikutege… Hebu ngoja. Hao farasi pale mbele, mbona nawajua? Si wa kigari changu nilichokuja nacho hao?

("Ndio hao, baba," anajibu Mama Rozalia kutoka kiti cha dereva, hatamu mkononi. "Kaa chini usije ukaanguka. King'ora hakijalia bado.")